Kabati la Brashi za Fundi Singa

Daktari wa maiti alikuwa anakula karanga. Alizitoa moja moja kutoka mfukoni mwa koti lake jeupe, akazimenya kwa kidole gumba, na maganda akayaangusha kwenye sinia lilelile lenye mikasi yake. Inspekta aligeuza uso. Mama huyu alikuwa amefanya kazi na daktari huyo kwa miaka mingi na bado hajamzoea, wala yeye wala karanga zake.

Juu ya meza alilala daktari wa meno. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umevimba hadi jicho limezama, na chini ya taya, pale wembe unapopita ukitokea shingoni, palikuwa na kidonda kimoja cha mviringo, cheusi na kikavu kama kipande cha mkaa.

"Nani aliyekuambia huyu ameunguzwa?" daktari aliuliza.

Inspekta akamweleza. Rafiki mkubwa wa marehemu, wakili mwenye jina mjini, alikuwa amefika kituoni mwenyewe kuandikisha maelezo. Mke wa marehemu anatengeneza sabuni nyumbani, anaweka kostiki, ile dawa kali inayounguza ngozi, jikoni kama wenzake wanavyoweka chumvi, na sabuni ya kunyolea ndevu alimtengenezea mumewe kwa mkono wake. Majirani walisikia ugomvi, na wakamsikia marehemu akisema wazi, "Unataka kuniua?" Siku chache baadaye, kidonda cheusi. Kisha kifo. Kesi ilikuwa imeiva, na Mkuu wa kituo alipenda sana kesi zilizopikwa na wengine. Mke yuko mahabusu, na kesho asubuhi atapelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua mumewe, saa zilezile ndugu watakapokuwa wanajiandaa kumzika.

"Kostiki ikikupata usoni, kelele zako zinasikika mtaa wa tatu," daktari alisema. "Huyu, nesi wake anasema alikuwa kazini na kidonda hicho, anang'oa watu meno huku anacheka. Akaambiwa aende hospitali, akasema ni upele. Mganga hajigangi, lakini huyu alizidi."

"Kwa hiyo hakikumuuma."

"Hakiumi. Ndio ubaya wake." Alikataa kutaja jina la kitu anachokihisi. Vipimo vilikuwa maabara na majibu yangekuja kesho jioni.

"Kesho jioni huyo mwanamke atakuwa gereza kuu."

"Basi tafuta kilichomgusa hapo kwenye taya. Na ukikipata, usikishike kwa mkono mtupu." Alimpa glavu mbili za mpira kutoka mfuko uleule wa karanga. Inspekta alizipokea kwa ncha za vidole.

*

Chumba cha mahabusu wanawake kilikuwa na ndoo moja pembeni, na ndoo ilikuwa haijamwagwa tangu jana. Inspekta alimtoa mjane nje, akamkalisha kwenye benchi la koridoni ambako angalau upepo unapita. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake imepasukapasuka kwa kazi ya sabuni, kanga yake ameifunga kwa mkazo kiunoni kama mtu aliyejiapiza kutoanguka mbele za watu.

Kuhusu sabuni alijibu bila hata kukasirika. Ni ile ile anayoogea yeye, na mche uliobaki bado uko bafuni. Inspekta akitaka aende akajipake. Kuhusu ugomvi, hapo aliguna.

"Tuligombana kwa ajili ya brashi, Afande."

"Brashi ya nini?"

"Ya kupakia povu la kunyolea. Mume wangu alikuwa nazo rafu nzima, zote za fundi mmoja, Fundi Singa. Watu wanadhani nilikuwa mke wa pekee. Mimi nilikuwa mke mdogo. Mke mkubwa ni Fundi Singa."

Akaendelea kueleza, na jinsi alivyoeleza, Inspekta aliona kwamba hapa hapakuwa na la kutunga. Marehemu na wenzake walikuwa na chama chao, wanajiita Wana Povu. Watu wazima, wenye ofisi na wajukuu, wanakutana kila mwezi kunusa brashi. Brashi mpya haioshwi. Mwenyewe lazima anyoe nayo kwanza vilevile ilivyotoka mkononi mwa fundi, ndipo iitwe yake. Safari hii iliyoletwa ilikuwa inanuka panya aliyefia darini. Mke aliweka sufuria ya maji jikoni, yalipochemka akaenda kuichukua brashi aichovye, na mume akampokonya. Hapo ndipo aliposema yale maneno ya kuuawa, kama mume yeyote anavyosema akiguswa kitu chake. Kesho yake alinyoa nayo, akajikata kidogo chini ya taya.

"Hiyo brashi iko wapi sasa?"

"Bafuni, kwenye kishikizo chake. Itakuwa wapi tena?"

Inspekta alimrudisha ndani. Mjane alipofika mlangoni aliuliza jambo moja tu: kama ataruhusiwa kumzika mumewe. Inspekta alijibu kwamba hajui, na jibu hilo lilimkera yeye mwenyewe kuliko ile harufu ya ndoo.

*

Nyumbani kwa marehemu alipokelewa na shangazi mtu, bibi mnene mwenye funguo zote za nyumba zimefungwa kwenye pindo la nguo yake. Shangazi alikuwa ameshamhukumu mjane, ameshamfunga, na sasa alikuwa anafikiria nani achukue makabati ya chumbani. Kila Inspekta alipouliza neno, yeye alirudi kwenye sabuni.

Bafu lilikuwa ndani ya chumba cha kulala. Hakuna aliyelisafisha. Kwenye beseni kulikuwa na povu lililokauka na kuganda, na ndani ya povu vipande vya ndevu za mtu ambaye sasa yuko kwenye jokofu la hospitali. Juu ya beseni zilipangwa brashi, kila moja inaning'inia kichwa chini kwenye kishikizo chake, singa zake, yale manyoya ya kupakia povu, zimetawanyika kama ua lililochanua. Kishikizo cha mwisho kilikuwa kitupu.

"Ameitupa yule," shangazi alisema kutoka mlangoni. "Anaficha ushahidi."

"Lini, shangazi? Tulimkamata hospitalini, kabla hata mwili haujatolewa wodini. Hajarudi hapa."

Shangazi alifikiria. Kufikiria hakukumpendeza. Inspekta akauliza nani mwingine aliyeingia bafuni humo, na hapo bibi akajivuna: hakuna, kwa sababu ufunguo anao yeye, na waliokuja kutoa pole wote wametumia choo cha nje. Isipokuwa Wakili tu. Huyo ni mtu wa heshima, na tumbo lilimkamata ghafla, asingeweza kumpeleka choo cha nje mtu kama yule.

"Alikaa sana?"

"Tumbo si kitu cha kuharakisha, mwanangu. Maskini, alikuwa anatetemeka kabisa. Aliingia koti liko mkononi, akatoka amelivaa, na joto lote hili."

Inspekta alishukuru, akatoka. Garini Koplo, dereva wake, aliuliza kama wanaelekea kwa Wakili. Hapana. Huwezi kumbishia hodi wakili ukiwa na kishikizo kitupu. Atakirudisha kwako na barua juu yake. Kwanza alitaka kujua brashi ile ilitengenezwa na nini.

*

Karakana ya Fundi Singa ilikuwa nyuma ya yadi ya mbao, chumba kimoja chenye dirisha moja. Magunia ya singa za farasi yalisimama ukutani. Pembeni kulikuwa na sufuria kubwa jeusi la kuchemshia singa kwa magadi, na siku hiyo lilikuwa baridi, na paka amelala ndani yake. Harufu ilikuwa ya zizi lililofungiwa.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee mchangamfu wa mikono minene. Alikuwa anafunga fundo la singa, na Inspekta alisimama akamtazama akilisawazisha: analigonga mezani, analigeuza, kisha analamba ncha zake kwa ulimi, taratibu, mzunguko mzima, ili zikae pamoja. Halafu anatema kando kidogo. Inspekta alikumbuka mabwana wakubwa wanaojipaka vitu hivi midomoni kila asubuhi na kujiona wamestaarabika kuliko wanaume wanaonyolewa kwa kinyozi.

Alimwonyesha picha ya kidonda. Fundi aliitazama, akaacha kulamba.

"Kunja mkono wa shati, mzee."

Fundi alisita. Kisha akakunja. Juu kidogo ya kiwiko cha mkono, upande wa ndani, kulikuwa na kovu bichi, mviringo, jeusi katikati, kingo zake zimeanza kupona.

"Hii nayo ni sabuni ya mke?" Inspekta aliuliza.

"Mimi nimepona. Nimechomwa sindano wiki nzima, nimepona."

"Walikuambia ni nini?"

Fundi aliangalia magunia yake. "Kimeta," akasema kwa sauti ndogo. "Ule ugonjwa wa mifugo."

Mengine yalitoka kwa kuvutwa, kama jino. Wana Povu walikuwa wanalalamika kwamba brashi za siku hizi hazina harufu. Zile za zamani, alipokuwa hana magadi ya kutosha, zilikuwa na harufu ya mnyama, na kwao harufu hiyo ndiyo iliyokuwa alama kwamba mkono ni wa Singa kweli. Basi Wakili akamletea singa mwenyewe, kwenye mfuko wa plastiki: mkia wa farasi aliyekufa ghafla kwenye zizi anakokodi farasi wake. Farasi alitoka damu puani, daktari wa mifugo akaamuru achomwe asiguswe, na Wakili akamlipa mchungaji amkatie mkia kwanza. Akamwagiza Fundi asichemshe hata unywele mmoja. Brashi itoke moja tu, yenye harufu, haitatoka tena.

"Ukakubali."

"Ndiye anayeniletea wateja wote, mama. Ningefanyaje?"

Brashi ilipokamilika aliikabidhi kwa chama, na kwa desturi yao wanachama wakapanga kuipigia kura nani aichukue. Wakati wanangojea kura, Fundi akaota kidonda, akaenda hospitali, akaambiwa. Na jioni ya siku ya kura akampigia simu Wakili. Inspekta alimtaka arudie hapo neno kwa neno.

"Nilimwambia, mzigo ule una ugonjwa. Aliyeipata brashi aichome, au aichemshe kutwa nzima. Akaniambia yeye ameshindwa kura, ameipata daktari wa meno. Sauti yake ilikuwa kama amefiwa. Halafu akasema, usijali, nitamwambia mimi. Wewe usiseme kwa mtu, utaharibu jina lako."

"Na daktari wa meno mbona hukumpigia?"

Fundi alilisukuma lile fundo la singa mbali naye mezani. Inspekta aliandika maelezo yake, akamsainisha, akaiangalia ile simu kwenye orodha ya simu zake na kumwambia Koplo aipige picha. Kabla ya kutoka alimwambia Fundi asiguse singa hata moja mpaka watu wa afya wafike, na amtoe paka kwenye sufuria.

"Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," Koplo alisema walipokuwa wanarudi garini. "Lakini yule wa meno hakuambiwa kwamba mwenzake ameshanyolewa."

Inspekta hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Alikuwa anahesabu jambo jingine. Simu ilipigwa jioni, marehemu alinyoa asubuhi yake. Wakili alikuwa na usiku mzima wa kusema neno moja. Kwa dakika moja alimpa nafasi: labda alipiga simu haikupokelewa, labda alimtuma mtu. Kisha akalikumbuka lile koti.

*

Wakili hakushtuka kuwaona. Alikuwa mwembamba, nadhifu, anazungumza polepole kama mtu anayelipwa kwa neno. Inspekta alimwambia ukweli nusu, kwamba mjane anadai mambo ya brashi na yeye Inspekta haelewi chochote kuhusu brashi. Je, angeweza kumfundisha?

Hilo lilikuwa ombi ambalo mtu yule hakuwahi kulikataa maishani. Aliwapeleka hadi chumba cha ndani, mapazia yamefungwa, akawasha taa. Kabati la kioo lilijaa ukuta mzima. Brashi zilisimama safu kwa safu, mipini ya kila aina ya mti, singa zimefumba, ncha zimekazana. Alivaa glavu nyeupe za kitambaa kabla ya kufungua mlango wa kabati. Hazishikwi kwa mkono, alisema, jasho linaua mng'aro wa mpini.

Inspekta aliuliza kwa nini zote za fundi mmoja, na mafundi wako wengi.

"Ukinunua kwa kila fundi, una takataka za brashi," Wakili alijibu. "Ukinunua kwa mkono mmoja, una mtu. Humu ndani nina maisha yote ya Singa. Tazama safu hii, mafundo yameegemea kushoto. Mwaka huo aliumwa jicho. Hizi hapa mipini imenenepa, maana kisu chake kilivunjika na alikuwa hana cha kununulia kingine. Hii aliifanya wiki aliyofiwa na mkewe. Yeye mwenyewe hajui haya, mimi ndiye ninayeyajua."

Yalikuwa maneno mazuri, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta. Kwa nukta moja alielewa kabisa. Ukishaujua mkono wa mtu mmoja namna hiyo, kazi ya wengine inakuwa ya wageni, na pengo moja kwenye safu linakunyima usingizi. Aliuliza kama anazitumia.

Wakili alicheka kwa mara ya kwanza. Yeye ananyoa kwa wembe wa plastiki na sabuni ya kuogea, kunyoa ni shughuli ya dakika mbili. Brashi ya Singa ukiilowesha mara moja tu, singa zinachanua na hazifumbi tena mpaka kiama. Daktari wa meno, Mungu amrehemu, alikuwa anazilowesha zote. Alikuwa mshenzi katika jambo hilo, ingawa rafiki. Katika kabati hili hakuna brashi iliyowahi kuguswa na maji.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Ile ya safu ya nyuma, iliyofungwa karatasi?"

Wakili hakugeuka kuitazama. Alisema hiyo ina ufa kwenye mpini, ameifunga ili isivunjike.

"Karatasi imefungwa kwenye singa, Wakili. Mpini uko wazi." Inspekta alitoa glavu za mpira na kuzivaa, na moja ilikuwa bado ina ganda la karanga ndani.

Wakili aliuliza kama wana hati ya upekuzi. Koplo akaitoa mfukoni, akaifungua mbele ya macho yake, akampa muda wote aliotaka wa kuisoma. Aliisoma mara mbili. Haikuwa na kosa.

Inspekta aliichukua brashi na kuivua karatasi. Singa zilifunguka zote kwa pamoja, zikatanuka mkononi mwake, na harufu ikatoka, nzito, ya nyama iliyolala. Katikati ya singa kulikuwa na povu lililokauka, la rangi ya maziwa yaliyoganda, na ndani ya povu, vinywele vifupi vya ndevu nyeusi na nyeupe. Za mtu aliyelala kwenye jokofu. Wakili alikuwa amezifungia kabatini pamoja na vitu vyake vya thamani, kwenye chumba anachokaa jioni kustarehe. Koplo aliomba radhi akaenda kufungua dirisha.

"Umeiba kwenye nyumba yenye msiba," Inspekta alisema.

"Nimeihifadhi. Yule mwanamke angeichemsha."

"Ungemwacha aichemshe, mumewe angekuwa hai. Fundi alikupigia simu. Maelezo yake ninayo, na simu yenyewe tumeiona."

Wakili alivua glavu zake, kidole kwa kidole, akazikunja. Sauti yake haikupanda. "Nilipitiwa. Nilikuwa nimeshindwa kura, sikuwa na hamu ya kuzungumza naye usiku ule."

"Na siku zilizofuata?"

"Inspekta, mimi ni mtu wa sheria. Nitajie kifungu kinachomlazimisha mtu kusema jambo asilolitaka kulisema."

Inspekta hakuwa nacho. Alikijua kitabu cha sheria karibu chote na kifungu kile hakimo, au kama kimo, kimeandikwa kwa namna ambayo mtu kama huyu angepita katikati yake bila kuchafua shati. Akamtajia alivyokuwa navyo: wizi, kuficha kielelezo, na maelezo ya uongo kwa polisi yaliyomweka mwanamke asiye na hatia mahabusu akiwa na shtaka la kifo shingoni. Mengine atayasema mwendesha mashtaka, na mkia wa farasi utakuwa na mengi ya kusema mbele ya hakimu.

"Kitu kimoja sikielewi," aliongeza. "Ulijua ina ugonjwa. Ulijua inakutia hatiani. Ungeichoma jikoni dakika tano, nisingekuwa na chochote. Kwa nini hukuichoma?"

Mtu yule alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza kuonekana usoni mwake siku hiyo.

"Kuchoma Singa?" alisema. "Na hiyo haina pacha?"

Koplo alimfunga pingu. Brashi iliingia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na Wakili aliifuata kwa macho hatua zote. Hakuuliza kuhusu mjane. Hakuuliza kuhusu marehemu. Walipofika mlangoni alimwomba Inspekta, kwa adabu sana, asizibane zile ncha.

*

Mkuu wa kituo alinung'unika asubuhi, akasema mambo ya kuaibishwa, akatia saini. Daktari wa maiti alikuwa amewasumbua watu wa maabara usiku wakatangulia kumpa jibu kwa simu, na jibu lilikuwa neno lile lile la Fundi. Shtaka lilifutwa kabla gari la mahakamani halijawashwa.

Mjane alitoka akiwa na kanga yake ileile, ameikung'uta. Inspekta alimweleza yote wakiwa wamesimama uani, bila kupunguza, kwa kuwa angeyasikia tu kwa watu na watu wangeyatia chumvi. Mjane alisikiliza mpaka mwisho.

"Alijua kabla mume wangu hajanyoa?"

"Alijua."

"Na alipokuja kumwona mgonjwa, alikuwa anajua?"

Inspekta hakuwa amesikia habari ya kumwona mgonjwa. Akauliza.

"Alikuja uso ulipoanza kuvimba," mjane alisema. "Alikaa pale ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Nikamwambia, shemeji, mshauri mwenzio twende hospitali, mimi hanisikii. Akamwangalia vizuri tu, akasema ni upele, utapita. Halafu akaomba kuiona brashi."

"Mkampa?"

"Mume wangu aliamka mwenyewe kumletea. Anashika ukuta, anatembea, anacheka. Usiku huo aliniambia amefurahi sana, maana alidhani rafiki yake ana kinyongo naye kwa ile kura, kumbe hana."

Inspekta alimfungulia mlango wa gari. Mjane alipanda, akatazama mbele, na Koplo akawasha gari kuelekea makaburini.